Ukuta wa Bi Nhan

Nyundo iligonga ukuta mara tatu, ikadunda. Mhandisi Khoat akatabasamu peke yake, kisha akaandika: mbovu.

"Mbovu kwa nani, kijana?" Bi Nhan akamdaka. "Matofali haya nimeyabeba kwa mabega yangu, tulipojijengea sisi wafanyakazi wa kiwanda. Saruji yetu haikuibwa hata kijiko. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa."

"Kamba hiyo imeshakatika, bibi. Jumba nililojenga ng'ambo ya mto lina lifti na nguzo za chuma. Tubadilishane tu, funguo kwa funguo."

Bi Nhan hakumkaribisha chai. Hanoi nzima inaujua mchezo huo: leo mzee anatolewa, kesho tingatinga linaingia. Kila Khoat alipopita, bibi alimkazia macho. Kilichomtatiza ni maswali yake. Jua la asubuhi linaingia? Majirani wana kelele? Mtu wa kubomoa, kelele za majirani zamhusu nini?

Akaenda kulikagua jumba jipya mwenyewe. Vigae viling'aa mpaka akauona uso wake. Alipovigonga kwa fimbo vikalia kama debe tupu.

"Gundi haijakauka," Khoat akasema upesi, akambonyezea lifti.

Magoti ndiyo yaliyomsaliti. Ngazi hadi ghorofa ya nne, kila siku na kapu la mboga, zilikuwa zimemshinda. Akajiambia jengo litabomolewa tu, awemo asiwemo. Akatia saini huku akilia waziwazi, maana nyumba ile ndiyo pekee aliyowahi kuwa nayo.

Wiki moja baadaye alirudi kuokoa vyungu vyake vya maua kabla tingatinga halijafika. Ngazini akamkuta mke wa Khoat akipanda na jiko la makaa yanayowaka, kama afanyavyo mtu anayehamia nyumba ya kuishi. Nyuma yake alikuja Khoat, jasho likimtiririka, kambeba kikongwe mgongoni. Alipomwona Bi Nhan akainamisha uso.

Kikongwe ndiye aliyechangamka. "Ewe mwenzangu, unakaa humu? Basi tu majirani! Mwanangu kanitafutia nyumba humu mwaka mzima. Kule kwenye jumba alilojenga yeye, kanikataza hata kulala usiku mmoja."