Uji wa Profesa

Profesa alikimbia na mabuti ya mpira, aproni ingali na magamba, na kila hatua mabuti yakimzomea. Tangu aolewe hakuwahi kumkimbilia mumewe hivyo.

Profesa lilikuwa jina la utani, maana shule aliishia darasa la saba. Lakini miaka kumi na tisa ya kuchanganya chakula cha vifaranga vya trauti katika kituo cha kuzalisha samaki ilimfanya ajione msomi. Alikuwa akitia homoni ya kiume kwenye unga wao. Vifaranga jike wakiula kwa majuma kadhaa, wanageuka madume: taya linapinda, wanatafuta ugomvi, na mbegu zao huzaa majike watupu, ndio kinaowataka kituo.

"Kama jike la samaki linageuka dume," aliwaza, "sembuse aliyezaliwa dume tayari?"

Mumewe, tangu astaafu, alikuwa kama kiti: ulipomwacha asubuhi ndipo utakapomkuta jioni. Basi Profesa, ambaye asubuhi hakuwahi kumpikia mtu, akaanza kuamka alfajiri. Alikoroga uji, akatia kijiko cha unga ule wa homoni aliouiba kazini, akamwekea kibarazani, akaondoka. Jioni alilikuta bakuli jeupe, kama limelambwa.

Juma la tatu mzee alinyoa ndevu. La tano akatengeneza mlango. La sita akaimba bafuni. Profesa akamshukuru Mungu kwa kumpa kichwa, wengine wakapewa vya kuvalia kofia tu.

"Siku hizi hata yai hatuokoti," mzee alisema jioni moja.

"Yai la nini, mume wangu? Wewe uji unakutosha."

Leo daktari wa samaki aliwakusanya wafanyakazi. "Jamani, vaeni glavu. Homoni hii ikimwingia mtu kila siku, ini linaharibika, na moyo nao."

Mabuti yakashika njia.

Alimkuta mzee juu ya ngazi, akigongomea bati.

"Shuka! Shuka, nimekuua!" Akaungama yote pale pale: unga, kijiko, majuma saba. "Mimi na akili zangu za kuazima! Nimekutia sumu, baba watoto, kwa tamaa ya uzeeni!"

Mzee alicheka hadi ngazi ikatikisika.

"Uji ule unaonuka samaki? Sijaumeza hata tone. Ila mke kuniamkia alfajiri anipikie, baada ya miaka arobaini! Ningebakije nimekaa?"

Profesa akafuta machozi kwa aproni, magamba yakamganda shavuni. "Sasa bakuli alikuwa analimaliza nani?"

Kabla mzee hajajibu, nyuma ya jiko kuku wao, mama wa vifaranga kumi na wawili, alipanda juu ya ndoo, akakung'uta mabawa, akanyoosha shingo, akawika.