Birika la Bi Kije

"Dada, niruhusu nilivunje," fundi Sudi alisema tena. "Tangi la plastiki ni rahisi kuliko kuziba nyufa hizi."

Mwanamvua alishusha pumzi. Tangu asubuhi walikuwa wakivutana juu ya birika la maji katika bafu la mama yake, birika la chokaa lililopambwa kwa sahani za maua zilizopachikwa ubavuni mwake. Vigae vipya hakuwa na uwezo navyo, basi angalau uzuri huu wa zamani ubaki.

"Ziba, upake chokaa, sahani usiziguse. Ukilivunja, mama atalia."

"Nani kakwambia nitalia?" Bi Kije aliuliza, akiingia taratibu na mkongojo wake. "Miaka yote nimelijaza kwa ndoo kutoka kisimani, nikiwa na mimba, nikiwa na homa. Baba yako ndiye aliyeliona zuri, maana hakuwahi kulijaza."

Fundi aliinama kuficha kicheko.

Bi Kije aliuegemeza mkongojo ukutani, akajifunga kibwebwe, akaichukua nyundo mkononi mwa fundi.

"Nipisheni."

Mwanamvua alibaki amesimama mlangoni, hajui amnyang'anye nyundo au amletee gunia la kuzolea kifusi.