Wimbo wa Chambuso

Wimbo uliompa Chambuso jina aliutunga juma lile alilomzika mkewe. Kwa miaka thelathini watu waliulilia vilabuni na matangani, naye akiupiga kwa gitaa huku amefumba macho. Kisha uzee ukaanza kumnyang'anya kumbukumbu, moja baada ya nyingine.

Asubuhi ile bintiye, Siwema, alimwekea gitaa mapajani. Vidole vilizipapasa nyuzi, visijue pa kuanzia. Siwema akalichukua, akapiga mwenyewe, akaimba beti zote mpaka mwisho. Machozi yakamtiririka mzee.

"Aliyetunga haya ameumia sana," alisema. "Ni nani?"

"Ni wewe, baba. Ulimtungia mama."

Chambuso akatabasamu kama anayemhurumia. "Mimi sijafiwa, mwanangu. Mama yako si yuko jikoni? Hebu mwite, naye ausikie."

Siwema alitaka kumwambia ukweli, lakini akajizuia. Juma lililopita alimwambia, na mzee akaomboleza upya siku tatu. Akainuka, akaenda jikoni, akasimama mbele ya mafiga yaliyopoa. Nyuma yake alimsikia babake akijisogeza kwenye benchi, akimwachia mtu nafasi ya kukaa.