Mchuzi wa Kakakuona

"Si kifua kikuu," daktari alimwambia Genivaldo. "Ni kuvu ya udongo mkavu. Uliivuta ulipotumbukiza kichwa shimoni kumchimbua kakakuona."

Genivaldo alicheka mpaka akakohoa. Mbwa wake wa kuwindia alikufa akikohoa vivyo hivyo, na jimbo zima la Piauí, huku Brazili, likamsingizia jirani kwamba amemtilia sumu.

Mkewe akaingia na sufuria ya moto.

"Kunywa mchuzi, baba watoto. Kakakuona huyu, upate nguvu."

"Nani kamchimbua?"

"Mimi, nani mwingine? Ndugu zako wote si wamelala wanakohoa!"

Akajifuta pua kwa kiganja. Kikabaki na michirizi ya vumbi jekundu.

"Mbona mnanitumbulia macho? Kunywa, utapoa."