Mlo wa Mkaguzi

"Mwongezee mkaguzi kuku," meneja alimnong'oneza mpishi mlangoni. "Asinyanyuke mapema."

Mpishi akarudi mezani na bakuli, tabasamu usoni, roho mkononi. Nje injini ziliunguruma moja baada ya nyingine. Kanuni za mashindano ya magari zilidai kila kiwanda kiunde magari hamsini yanayofanana. Yakipungua, gari lao lingetupwa daraja la magari maalumu, likapambane na mazimwi ya kampuni kubwa. Kiwanda chao kilikuwa kimeunda ishirini na matano tu. Mkaguzi, mzee mpole, alikuwa ameshayahesabu uwanja wa mbele. Sasa, yeye akila, madereva waliyahamishia uwanja wa nyuma ili ayahesabu tena kana kwamba ni mengine. Wakikamatwa, kiwanda kinafungwa, na mpishi hakuwa na pengine pa kuamkia.

"Mbona kelele hivyo?" mzee akauliza.

"Wanajaribu injini tu, baba. Kula, chakula kinapoa."

Akala. Mkoba wake hakuufungua, wala hakuulizia karatasi hata moja. Alisifu mchuzi, kisha akauliza kama watoto wa mpishi humtembelea.

"Wana shughuli zao," mpishi akajibu, na ikamuuma kusema hivyo.

"Wangu pia. Napika kisufuria kimoja, mama, na bado chakula kinalala."

Mpishi akavuta kiti, akakaa. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyemuuliza habari za wanawe. Aliona haya kumlaghai mtu mwema kiasi kile, akamjazia chai mpaka ikamwagikia kisahani. Mzee akacheka. Mpishi naye akajikuta anacheka, akasahau kabisa kwamba yuko kazini.

Nje kukawa kimya. Meneja akachungulia dirishani, akashusha pumzi: magari yote yamevuka. Ndipo akaingia mwanamke mwenye kitambulisho kifuani.

"Samahani, nimechelewa. Mimi ndiye mkaguzi. Mwenzangu anahesabu uwanja wa nyuma, mimi natoka wa mbele. Mbona mtupu?"

Meneja akanyoosha kidole mezani. "Lakini mkaguzi si huyu? Ndiye tuliyemzoea miaka yote!"

Mwanamke akageuka. Mzee alikuwa ameinamia sahani, akiifuta kwa kipande cha mkate.

"Mzee wangu," mwanamke akasema kwa upole, "kumbe tangu ustaafu, hata huku unakuja kula?"