Kofia Ambayo Haikuandikwa

Vahwere, karani, alimkuta mkurugenzi wake ameshika riwaya ambayo Vahwere aliiandika siku za Jumapili na kuichapisha mwenyewe kwenye duka la fotokopi hapa Bunia.

"Nimesoma yote," mkurugenzi alisema. "Ule muzee mwenye kushushwa mu lori ya kwenda Tchomia, wakati wa vita, ni baba yako?"

"Ndiyo, Directeur."

"Umeandika muzuri. Lakini weye ulisahau kofia yake nyekundu. Aliikamata na mikono mbili mupaka mwisho."

Kofia hiyo Vahwere hakuiandika popote, na abiria wote wa lori lile waliuawa palepale; waliobaki hai ni wale tu waliowashusha.

Kidole gumba cha mkurugenzi kilinyoosha pembe ya jalada, taratibu.

"Vitabu ingine kama hii iko wapi?"

"Nyumbani, Directeur," alijibu, kwa sauti ileile ya kila siku.