Hereni Isiyowaka

Siku hizi hakuna jike anayepata joto la kutaka dume mwenyewe. Hereni ya sikioni hupima mafuta kwenye damu, na ikiridhika ndipo huwaka na kuachia homoni. Mtamba wa Tusajigwe, ng'ombe ambaye hajazaa bado, umri wa kupandwa ulishampita, hereni iko kimya, ingawa kila asubuhi Tusajigwe alimchanganyia pumba na mashudu huku akimbembeleza.

Leo mtamba alilia, akampanda mwenzake kama afanyavyo ng'ombe aliyepata joto. Hereni haikuwaka.

"Mama, nani kamruhusu?" Tusajigwe akamuuliza mama mkwe.

Mama mkwe akarudishia mlango wa banda haraka. "Mnyamazishe, mwanangu. Wenye hereni wakisikia watamchukua."

Lakini kilio kile kilikwisha kumwingia Tusajigwe mwilini. Mwaka wa nne wa ndoa bila mtoto, akainua mkono hadi sikioni mwake, akaipapasa hereni yake, ambayo nayo haijawahi kuwaka, akitafuta inapofungukia.